Macho ya watoto wa sungura: acheni kuyafungua kwa mkono

Wafugaji wa sungura wa Dar, leo nagomba, mnivumilie. Juzi nimeitwa Chanika kwa mama mmoja, nafika nakuta vitoto saba vya siku sita, vitatu kashavifungua macho kwa kucha na pamba, ananiambia bwana mifugo hivi vimezaliwa vipofu nikaona nivisaidie. Nikamulika kimoja kwa tochi ya simu, kioo cha jicho kijivu kama maji ya mchele, pembeni kimeshakauka kimekunjamana kama gamba la samaki. Jicho hilo limeshaenda.

Jamani hawajazaliwa vipofu. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi tu, mtoto anatoka jicho halijaiva. Akiwa tumboni kope ya juu na ya chini zinaota kama mikunjo miwili ya ngozi, zinasogeleana mpaka zinakutana na kushikana, na zinashikwa na tabaka jembamba la seli, sio uchafu wala tongotongo kama mnavyodhani. Chini yake konea, yaani kile kioo cha mbele, bado inajengwa, imejaa maji ndo maana ina ukungu, zile seli za upande wa ndani zinazoyapunguza hayo maji ndo kwanza zinaanza kazi, na machozi ya kuilowesha bado hayatoshi. Ukiifunua inakauka, inachubuka, bakteria wanaingia. Mbuzi na ng'ombe hatua hiyo wanaimalizia tumboni, ndo maana ndama anadondoka macho yamemtoka, hata mtoto wa binadamu kope zake zinashikana karibu wiki ya 9 na kuachana kama mwezi wa 6 wa mimba. Kwa hiyo usimpime sungura kwa mbuzi wako.

Sasa hesabu, maana hapa ndo mnaharibu. Siku aliyozaa ni SIFURI, sio moja, iandike kwa choki kwenye sanduku la kuzalia, sio kichwani. Macho yanafunguka yenyewe siku ya 10 hadi ya 12. Kabla ya hapo kope haziguswi, labda uone imevimba au inavuja usaha, na hapo unaita daktari wa mifugo sio jirani.

Ikifika siku ya 13 au 14 bado yamefungwa, hapo ndo unaingilia, na usichelewe maana usaha ukikaa ndani unaila konea. Chemsha maji robo lita, tia chumvi nusu kijiko cha chai kisichojaa, yaache yapoe mpaka ukiyadondoshea kwenye kiwiko husikii moto. Lowesha pamba, iweke juu ya jicho dakika 2 au 3, halafu futa taratibu toka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Hazijaachana? Usivute! Rudia jioni. Na zile dawa za macho zenye steroidi, yaani kemikali ya kutuliza uvimbe, mnazookota duka la dawa acheni kabisa, konea iliyochubuka zinaimaliza.

Nyasi zilizolowa mkojo toa kila siku, joto hili la Dar ile harufu inachoma macho.

Jicho lenye afya linang'aa, jeusi, au jekundu kwa wale weupe, basi.

Yule mama wa Chanika wanne waliobaki leo wana siku 8. Pamba nimemnyang'anya.