Kuchagua Kilainishi cha Kukandamizia Bati la Shaba: Mwongozo kwa Mafundi wa Njumu

Shaba inayozungumzwa hapa ni shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambayo kwetu Unguja na Pemba hutumika kwa njumu za masanduku, vichwa vya misumari ya milango, pembe za makasha na vishikio vya droo. Bati linalokubali kukandamizwa vizuri zaidi ni lile lenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, kwa kuwa hutanuka sana kabla ya kupasuka, na viwanda vya silaha hutumia mchanganyiko huo huo kutengenezea maganda ya risasi. Kwa hiyo mengi yanayojulikana kuhusu vilainishi vya shaba yametokana na kazi ya maganda, na fundi wa mlango anaweza kuyatumia bila ya kubadilisha kitu.

Mafundi wengi huchagua mafuta kwa kuyapima kwa vidole: yakiteleza, yanafaa. Kipimo hicho hakitoshi. Kilainishi hufanya kazi kwa sekunde chache ndani ya kalibu (chuma cha kulipa bati umbo: jike lenye shimo, na dume linalolisukuma bati humo), lakini mabaki yake hukaa juu ya shaba kwa miezi, katika hewa yetu yenye chumvi na unyevu. Kwa maoni yangu, swali la kwanza liwe ni kitu gani mafuta haya yataiachia shaba baada ya kazi, na swali la utelezi lifuate.

Kabla ya mafuta, bati lenyewe liwe laini. Shaba iliyogongwa au kukandamizwa huwa ngumu, na hakuna kilainishi kinachoweza kuokoa bati gumu lisipasuke. Lichome mpaka lianze kuwa jekundu kwa mbali, na kazi hii ifanyike kivulini, kwa sababu juani wekundu huo hauonekani na fundi hujikuta amelichoma kupita kiasi. Shaba ya aina hii haigeuki kuwa ngumu ikitiwa majini baada ya moto, tofauti na chuma cha pua cha visu na patasi. Jambo la kuzingatia ni kufuta mafuta yote ya hatua iliyopita kabla ya kuchoma tena, kwani mafuta yakiungua juu ya bati huacha masizi yanayogandamana na shaba, nayo huja kukwaruza kalibu.

Sasa tuje kwenye vitu visivyofaa, ambavyo ndivyo vinavyoharibu kazi nyingi zaidi. Oili ya gia huonekana nzuri kwa sababu ni nzito na inateleza, lakini nyingi ya aina hizo hutiwa viungo vyenye salfa ili kuyalinda meno ya gia yanayobanana kwa nguvu. Salfa na shaba nyekundu haziachani: zikikutana, hasa penye joto, uso wa bati hugeuka kahawia na kisha mweusi. Mimi mwenyewe niliwahi kukandamiza vichwa vya mlango mzima kwa oili ya gia, nikaviacha ndani ya ndoo mpaka asubuhi ya siku ya tatu, nikavikuta vina madoa ambayo hayakutoka kwa ndimu wala kwa majivu. Ilinilazimu kuvisugua kimoja kimoja kwa msasa mwembamba, na makali ya nakshi yakapungua. Oili chakavu ya injini nayo iepukwe, kwa kuwa ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta pamoja na chembe za chuma zinazokwaruza. Mafuta yenye silikoni hayaachi doa, lakini mabaki yake huizuia vanishi isishike, ikajikunja na kuacha vishimo vidogo vidogo. Anayekusudia kupaka vanishi asiyaingize karakanani.

Mafuta ya nazi ndiyo tuliyo nayo karibu, na kwa njumu fupi zisizo na kina yanatosha kabisa. Yana mapungufu mawili. Huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa hiyo asubuhi za kipupwe huwa mazito na hayaenei sawasawa mpaka yapashwe moto. La pili ni kwamba mafuta yaliyochacha yana asidi nyingi, na asidi hiyo huila shaba polepole na kutoa ule ukungu wa kijani unaoonekana pembezoni mwa njumu. Tumia mafuta mapya, na yafutwe siku hiyo hiyo. Mafuta ya mbarika ni mazito zaidi na utando wake haukatiki upesi, kwa hiyo yanafaa kwa kikombe, yaani bati lililokwisha kukandamizwa likawa na shimo ndani, chenye kina cha wastani.

Sabuni ya mche iliyokwanguliwa na kuyeyushwa katika maji ya moto mpaka iwe kama uji mwepesi ni kilainishi kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Viwanda vinavyovuta waya wa shaba hutumia maji ya sabuni kwa kazi hiyo. Faida yake kubwa ni kwamba huondoka kwa maji matupu. Hasara yake ni kwamba kalibu ya chuma hupata kutu isipofutwa na kupakwa mafuta mwisho wa siku.

Kwa vichwa virefu vyenye ncha, vile vya milango ya mtindo wa Kihindi, mimi huchagua nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya nazi, ilainike kiasi cha kupakika kwa kidole, au lanolini. Lanolini ni mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, nayo huuzwa madukani kwa ajili ya ngozi. Wenye kujaza upya maganda ya risasi huko Marekani huyeyusha sehemu moja ya lanolini katika sehemu kumi au kumi na mbili za spiriti isiyo na maji mengi, wakanyunyiza, kisha wakasubiri spiriti iondoke yote ndipo wakandamize. Kusubiri huko ni lazima, kwani spiriti hailainishi kitu. Kinacholainisha ni utando mwembamba unaobaki. Inafaa kukumbuka pia kwamba mvuke wa spiriti hushika moto upesi, basi kazi hiyo isifanyike karibu na jiko la kuchomea bati.

Mahali pa kupaka pana umuhimu sawa na aina ya kilainishi, na hapa ndipo mafundi wenye uzoefu hutofautiana na wanagenzi. Upande wa kisahani (kipande cha bati cha duara kabla ya kukandamizwa) unaotazama kalibu jike, pamoja na ukingo unaobanwa na pete ya kulishikilia bati, upakwe vizuri, kwa sababu huko ndiko shaba inakosugua ikiingia. Upande unaoguswa na kalibu dume upakwe kidogo mno au uachwe mkavu. Dume likiishika shaba kwa msuguano, hulisaidia bati lisinyooke na kuwa jembamba pale kwenye kona ya kitako, ambapo vikombe vingi hupasukia. Na hata kilainishi kiwe kizuri namna gani, kipenyo cha kisahani kisizidi takriban mara 1.8 hadi 2 ya kipenyo cha dume katika mkandamizo wa kwanza. Kina zaidi ya hapo kipatikane kwa kuchoma tena na kukandamiza kwa kalibu ndogo zaidi.

Wingi wa mafuta una madhara yake. Mafuta hayabonyei. Yakijikusanya chini ya kalibu jike na yasipate pa kutokea, ndiyo yatakayolisukuma bati kurudi ndani, na kichwa kitatoka na vibonyeo ambavyo fundi huvidhania kuwa ni ubovu wa kalibu. Wajazaji wa maganda wanaijua sana dalili hii, nao huipata mabegani mwa ganda. Toboa tundu dogo chini ya jike, na utando uwe mwembamba kiasi cha kung'arisha uso bila ya kuchuruzika. Ukisikia mlio mkali wakati wa kukandamiza, au ukiona mistari iliyosimama ubavuni mwa kikombe, shaba imeanza kung'ang'ania chuma. Simamisha kazi, ling'arishe jike, kisha upake upya.

Mafuta mapya yajaribiwe kabla ya kutumika kwa kazi ya mteja. Chukua kipande cha bati, king'arishe, tia tone la mafuta katikati, kiache wiki moja mahali pa kazi, kisha ukifute na kukilinganisha na pembe isiyopakwa. Viwanda vya mafuta hufanya jaribio la aina hii kwa kutumbukiza kipande cha shaba nyekundu ndani ya mafuta ya moto na kutazama rangi yake. Kikionesha wekundu wa ajabu, kahawia au weusi, mafuta hayo yabaki kwa kazi za chuma.

Usafishaji hutegemea kilichopakwa. Sabuni hutoka kwa maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi na ya mbarika kwa maji ya moto yenye sabuni, nta na lanolini kwa mafuta ya taa kwanza na kisha sabuni. Kikaushe kikombe kwa kitambaa baada ya suuza ya mwisho. Usitumie sabuni wala dawa ya kusafishia yoyote yenye amonia. Shaba iliyokandamizwa hubaki na mvutano ndani yake, na amonia ikichanganyika na unyevu huipasua hata ikiwa imetulia rafuni. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India waliona maganda yao ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na mwaka 1921 watafiti wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, walichapisha uchunguzi wao juu ya mpasuko huo na kuuhusisha na amonia. Kwa sababu hiyo vikombe vilivyokamilika visihifadhiwe karibu na banda la kuku, zizi la mbuzi au choo, ambako amonia hutoka kwenye kinyesi na mkojo, na kama vitakaa muda mrefu kabla ya kupigiliwa mlangoni, vipashwe moto katika takriban nyuzi 250 hadi 300 kwa muda wa saa moja ili mvutano upungue bila ya shaba kupoteza ugumu wake, kisha vifungwe katika karatasi kavu.