Kuipa Datsun 120Y nguvu bila kuuza ng'ombe

Ukiwa Nakuru na Datsun 120Y, ujue hewa ya huku imeshakukata sehemu yako kabla hujawasha gari. Mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ile injini yake ya A12, ya sisi (cc) 1171, iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 65 hivi, hapa inabaki na kama 53. Ukianza kuukwea mlima wa Sachangwan zinazidi kupungua. Kwa hivyo usikimbilie kununua kabureta mbili za Weber eti kwa sababu uliona picha za Safari Rally. Datsun ilishinda kule 1970, 1971, 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, lakini zile gari zilikuwa na kiwanda kizima nyuma yake. Wewe una mshahara mmoja na karo. Rudisha kwanza farasi waliotoroka, ndio uongeze wengine.

Anza na pedali. Fungua ea klina, mtu akae ndani akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, nawe uchungulie ndani ya kabureta. Kile kibati cha koo kinafaa kusimama wima. Mzee mmoja wa Bahati aliniletea yake akasema, "Fundi, hii imechoka, nitafutie injini nyingine." Nikamwambia, "Mzee, hebu kanyaga." Kibati kikafunguka nusu, kikagoma. Waya ulikuwa umelegea, na chini ya pedali kulikuwa na kapeti mbili, moja juu ya nyingine. Tukatoa moja, tukakaza waya, akaenda zake na injini ileile. Kabureta hii ina koo mbili, kwa hivyo sukuma na kibati cha pili kwa kidole uone kama kimekwama. Wengi huendesha miaka na koo moja bila kujua.

Lisukume gari mahali tambarare likiwa nyutro. Kama mtu mmoja hawezi, breki zinashika, na hakuna kabureta itakayokusaidia.

Sevisi ya kawaida sina mengi ya kusema juu yake: nafasi ya plagi milimita 0.8 hadi 0.9, ya pointi 0.45 hadi 0.55, ya tapeti (za valvu) 0.35 injini ikiwa moto. Plagi, pointi na kondensa kwa pamoja haziwezi kufikia bei ya kujaza tangi. Nunua feela geji yako mwenyewe, vile vibati vya kupimia nafasi, usikubali kupimiwa kwa macho.

Halafu pima kompreshoni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote, chomoa waya wa koili, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata. Usishtuke ukipata namba ndogo kuliko ya kitabu, maana kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena. Namba ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, valvu hazikai vizuri, au gasketi imepasuka, na hiyo ni kazi ya hedi, kile kichwa cha injini.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Hewa ikiwa nyepesi, jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, inaendelea kumwaga karibu mafuta yaleyale, kwa hivyo gari la Nakuru hunywa kuliko linavyohitaji na plagi hujaa masizi. Jeti kuu ina namba juu yake. Tafuta iliyo ndogo kwa saizi moja au mbili kwa wauza spea kuukuu. Usiguse jeti kwa waya, na ukiona fundi anaitoboa, chukua gari lako uondoke. Panda mlima ukiwa umekanyaga pedali ya mafuta hadi chini kabisa, zima, egesha pembeni, toa plagi. Nyeusi bado imezidi, kahawia ndiyo tunayotaka, nyeupe rudisha jeti ya zamani mara moja kabla hujachoma pistoni.

Taiming nayo, yaani wakati plagi inapotoa cheche, inakubali kusogezwa mbele huku juu. Legeza boliti ya distribyuta, izungushe kidogo mno kinyume na rota inavyozunguka, kisha jaribu mlima kwa gia ya tatu. Ikianza kunoki, ule mlio wa kokoto ndani ya mkebe, rudisha nyuma hadi unyamaze. Kumbuka Kisumu iko karibu mita 700 chini yetu. Gari lililofungwa kwa Nakuru linaweza kunoki likifika ziwani, na Mombasa ndiyo kabisa.

Kama hedi imetoka kwa sababu nyingine, mwambie fundi wa leth aiskimu. Ni ya alumini na mara nyingi imepinda kwa kuchemka. Kuikwangua kidogo huinyoosha na kuongeza kompreshoni kwa safari moja. Sagisha valvu hapohapo, kaza boliti kutoka katikati kwenda nje, kisha pima tapeti upya.

Ea klina usiitupe. Vumbi la Njoro, na lile jeupe la Kariandusi, husaga silinda msimu mmoja tu. Sailensa nayo usiitoboe. Kelele si nguvu. Angalia tu kama kuna bomba lililobonyezwa na bampu, ulibadilishe.

Bado haikutoshi? Tafuta A14 ya sisi 1397. Inaingia kwenye giaboksi ileile, na kwa maoni yangu inashinda kabureta zote za mashindano. Namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye logibuku kupitia NTSA, na breki zifanywe kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu ukishaupanda Sachangwan kwa raha, bado utateremka hadi Salgaa.