Siku saba matangani kati ya visiwa: panga safari yako kwa jua

Somo hili ni la yule anayejua kutweka tanga na kushika usukani, lakini hajawahi kulala chomboni zaidi ya usiku mmoja. Kutoka kisiwa hadi kisiwa si kazi kubwa. Safari nyingi huharibikia pale pa kuingia na pa kulala, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1: Majira na mwezi

Katika Karibi majira ya vimbunga ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba. Kusini mwa ikweta, katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, ni takriban Novemba hadi Aprili. Usipange wiki yako ndani ya miezi hiyo. Kisha tazama mwezi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji hupanda na kushuka sana, na mkondo kwenye milango ya miamba huwa mkali. Wiki ya maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo, ni rafiki wa mgeni.

Hatua ya 2: Njia fupi

Chombo cha kawaida cha matanga huenda kama noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, na kila maili ni meta 1852. Maili 20 ni saa nne upepo ukikubali, na upepo haukubali kila siku. Mimi hupanga siku tano za kusafiri na mbili za kukaa tu, na siku hizo mbili ndizo akiba yangu hali ya hewa ikigeuka. Anza na visiwa vya upande wa joshi, yaani kule upepo unakotoka, ili kupiga bisho (kwenda kwa kupinda-pinda dhidi ya upepo) kumalizike watu wakiwa bado na nguvu. Kurudi mtakuja na upepo wa nyuma.

Hatua ya 3: Maji ya kunywa

Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku saba ni lita 112, na ongeza akiba ya siku mbili. Sehemu ya maji hayo iwe kwenye madumu, mbali na tangi. Tangi likivuja au maji yake yakichafuka, madumu ndiyo yatakayowafikisha.

Hatua ya 4: Ondoka mapema, ingia jua likiwa juu

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Miamba ya matumbawe huonekana vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu na likiwa nyuma yako. Buluu nzito ni kina kirefu. Kijani cha kung'aa ni mchanga wenye maji ya wastani, na weupe ni mchanga ulio karibu sana na uso. Rangi ya kahawia ni mwamba: kaa mbali nayo. Madoa meusi yanayotembea ni vivuli vya mawingu. Yatazame kwa dakika moja kabla hujageuza usukani. Mtu mmoja asimame omo, mbele kabisa ya chombo, amevaa miwani inayokata mng'ao wa maji, na aonyeshe njia kwa mkono, maana sauti hupotea kwenye upepo.

Katika nchi za joto jua huzama wima. Ndani ya nusu saa hivi huoni tena mwamba wowote. Kwa hiyo safari ya saa nne ianze saa mbili asubuhi, hata kama watu wanataka kuogelea kwanza. Wataogelea wakifika.

Hatua ya 5: Kutia nanga

Tafuta mchanga mweupe, kamwe si matumbawe. Nenda polepole ukielekea upepo, simama, teremsha nanga hadi iguse chini, kisha acha chombo kirudi nyuma huku ukitoa mnyororo kidogo kidogo. Ukiumwaga wote kwa mara moja utarundikana juu ya nanga.

Urefu wa mnyororo upigie hesabu kwa maji yaliyojaa. Tuseme kina ni meta 5 maji yakiwa yamepwa, na yatapanda meta 2. Omo iko meta 1 juu ya maji. Jumla ni 8. Mnyororo mtupu toa mara tano, meta 40. Ikiwa sehemu kubwa ni kamba, toa mara saba, meta 56. Kisha rudisha mashine nyuma taratibu, uongeze nguvu, ukitazama vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kama mti na jiwe. Vikiachana, nanga inaburura: ing'oe uanze upya. Mwishowe vaa miwani ya kuzamia, nenda ukaione kwa macho yako.

Usiku mmoja nilitoa mara tatu tu kwa sababu ghuba ilikuwa shwari na vyombo vilikuwa vingi. Saa nane usiku upepo ulishuka kutoka vilimani. Niliamka kwa sauti ya mawimbi yakivunjika, na mwamba ulikuwa meta chache nyuma ya usukani. Tuliokoka kwa sababu mashine iliwaka mara ya kwanza. Tangu hapo pakikosa nafasi ya mnyororo wa kutosha, nahamia ghuba nyingine.

Washa taa nyeupe ya nanga inayoonekana pande zote.

Hatua ya 6: Upepo wa ghafla

Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mnyoofu chini, na maji chini yake yamebadilika rangi, punguza tanga sasa hivi. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huzidi mara nne. Watu wote wavae jaketi okozi na watoto wakae ndani.

Maswali ya wanachama

*Kaka, GPS inaonyesha njia yote hadi ndani ya ghuba. Kwa nini nisiingie usiku?*

GPS inajua ulipo wewe. Mwamba ulipo inategemea aliyepima ramani ile, na sehemu nyingi za matumbawe zilipimwa zamani kwa vifaa duni. Ukichelewa, subiri nje kwenye kina hadi asubuhi.

*Mke wangu hulewa bahari. Tuahirishe?*

Hapana. Mpe usukani, macho yake yawe kwenye upeo wa bahari. Asisome wala asikae chini chumbani. Dawa anywe kabla ya kuondoka, baada ya kumwuliza daktari, kwa kuwa nyingine huleta usingizi. Na mfupishie safari ya siku ya kwanza: maili 8 au 10 zinatosha.

*Nikikuta chini ni matumbawe matupu?*

Tafuta boya la kufungia chombo, nalo ulikague kwa kuzamia. Kama halipo, ondoka. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kwa milimita chache hadi sentimeta moja hivi kwa mwaka. Mnyororo mmoja husaga kazi ya miaka mingi kwa usiku mmoja.

*Dada hapa. Tukikutana vyombo viwili vya matanga, nani apishe?*

Kama upepo unawapiga pande tofauti, anayepigwa upande wa kushoto ndiye anayempisha mwenzake. Kama ni upande mmoja, aliye joshini humpisha aliye demanini, yaani upande upepo unakoelekea. Pisha mapema, na ugeuze kwa kiasi kikubwa ili mwenzio aone kwamba umegeuza.

*Redio tuweke chaneli gani?*

VHF chaneli 16, muda wote mkiwa safarini. Kila mtu chomboni, hata mtoto mkubwa, afundishwe kuiwasha na kutaja mahali mlipo kabla hamjang'oa nanga siku ya kwanza.