SOMO: Kupima sumu ya madini mazito kwenye dawa za Kichina kwa kutumia seli

Wakuu habari zenu, somo nililoahidi ni hili. Ile mashine ya ICP-MS inahesabu madini yote yaliyomo kwenye dawa, ila haikuambii yatamfanya nini mtu. Chukua Angong Niuhuang Wan, vidonge vya Kichina, ndani yake kuna zhusha ambayo ni zebaki iliyoshikana na salfa, na kuna xionghuang yenye aseniki, ukihesabu zebaki yote unashtuka, kumbe zhusha haiyeyuki kirahisi. Kinachodhuru ni kile kinachoyeyuka, na ndo tunachokitafuta.

Hatua 1. Saga dawa iwe unga laini. Usiichome, zhusha ikipata moto mkali inatoa mvuke wa zebaki na utauvuta wewe.

Hatua 2. Iga tumbo. Weka unga kwenye asidi ya hidrokloriki na pepsini (kimeng'enya cha tumboni), pH kama 2, nyuzi 37, lisaa limoja unatikisa, halafu pandisha pH mpaka 7 kama utumboni, zungusha kwenye sentrifyuji, chuja kwa filta ya maikroni 0.22.

Hatua 3. Panda seli, HepG2 za ini na HK-2 za figo, kama 10,000 kila kishimo kwenye plati ya vishimo 96, zilale inkubeta usiku kucha zishike chini. Mimi za figo ndo naziamini zaidi maana kadimiamu na zebaki hukimbilia huko.

Hatua 4. Wawekee seli yale maji uliyochuja, dozi kuanzia hafifu mpaka kali, masaa 24. Pembeni weka kontroli, yaani seli za kulinganishia: zisizo na dawa, zenye maji ya tumbo (asidi na pepsini) bila dawa, na zenye kadimiamu kloraidi ambayo tunajua inaua.

Hatua 5. Weka MTT, rangi ya kupimia uhai wa seli. Ni ya njano, seli hai zinaigeuza zambarau, baada ya masaa 3 hivi yeyusha ile zambarau kwa kiyeyusho cha DMSO usome kwa mwanga wa nanomita 570. Hapa nilipoteza wiki nzima, dozi kubwa kabisa ilitoa zambarau zaidi kuliko seli zisizo na dawa, nikadhani dawa inazilisha! Nikaweka dawa na MTT kwenye kishimo kisicho na seli hata moja, nusu saa kikawa zambarau. Mimea ina polifenoli, kemikali zake za asili, zinazoigeuza MTT zenyewe. Kwa hiyo osha seli kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kabla ya MTT, na vishimo visivyo na seli usivikose kamwe.

Hatua 6. Rudia ukiongeza DMSA inayokamata madini. Seli zikipona, muuaji alikuwa madini, zikiendelea kufa vilevile uliza mmea wenyewe.

MASWALI

Swali: Mkuu sina DMSA, EDTA inafaa?
Jibu: Nayo inakamata madini, kwa risasi na kadimiamu sawa, ila inanyonya kalisiamu na seli zinang'oka, weka kidogo na uwe na kishimo cha EDTA peke yake.

Swali: Seli zisipokufa dawa ni salama?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Masaa 24 hayaonyeshi risasi inayojikusanya kwenye mifupa miaka na miaka, wala ubongo wa mtoto. ICP-MS bado unaihitaji.

Swali: Mama mdogo anaumwa figo na anameza vidonge hivi, nikuletee upime?
Jibu: Usinisubiri dada. Aache leo, mpeleke hospitali na pakiti yake mkononi, mwambie daktari kama imeandikwa zhusha au xionghuang, wampime damu na mkojo.