Sindano ikikuchoma maabara, usiifiche

Mwaka wangu wa pili kazini, saa 5 usiku, nilimtoa damu mzee mmoja mwenye homa kali, kisha nikataka kuirudishia sindano kifuniko chake. Ikapita pembeni, ikatoboa glavu, ikaingia kwenye kidole gumba cha kushoto. Niliona tone la damu likitanda chini ya mpira, dogo kama punje ya ulezi. Nikanawa, nikavaa glavu nyingine, nikaendelea na sampuli. Sikumwambia mtu hadi saa 2 asubuhi. Kwa sababu ya saa zile tisa nakuandikia wewe unayeanza field au ajira.

Ukichomwa, acha kila kitu. Vua glavu, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue kidole, usikinyonye, usikimwagie Jik. Inaunguza nyama na haikusaidii. Damu ikikurukia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15.

Halafu mwambie mkuu wa zamu papo hapo. Najua ulimi unavyokuwa mzito: unaogopa kuonekana mzembe, na unaogopa kupimwa. Lakini dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya ajali kama hii, zinafaa zaidi zikianza mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2, na zikipita saa 72 hazitolewi tena. Utapimwa VVU na homa ya ini, mgonjwa ataombwa ridhaa naye apimwe, na tukio litaandikwa. Dozi ya kwanza isingoje majibu ya mgonjwa. Dawa ni za siku 28. Mimi zilinisumbua tumbo wiki nzima, lakini nilizimaliza, na vipimo vyangu vyote vya kurudia vilitoka hasi.

Kila mtu anaogopa VVU, kumbe homa ya ini B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa yuko kwenye hatari mara nyingi zaidi ya hiyo, na kirusi chake hukaa hai juu ya meza kavu hata siku 7. Chanjo ni dozi 3: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Idai kabla hujashika chupa ya kwanza ya damu.

Sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, iwe karibu na mkono wako kabla hujamfunga mgonjwa mpira. Sindano ikitoka mwilini inaingia humo pamoja na bomba lake, bila kifuniko. Boksi likifika robo tatu, lifunge, usishindilie kamwe.

Damu ikimwagika, funika kwa pamba, mimina klorini ya 0.5%, subiri dakika 10, kisha futa kutoka pembeni kuelekea katikati. Klorini hiyo itengeneze kwa Jik ya 3.5%: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, upya kila siku. Vioo viokote kwa koleo.

Na kabla ya zamu ya usiku, uliza PEP ziko kabati gani na ufunguo anao nani. Kwetu sasa namba ya mwenye ufunguo imebandikwa juu ya sinki la kunawia.