Mabomba Yakipiga Kelele Usiku: Ya Kuzingatia Kabla ya Kumwita Fundi

Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai baridi yake haina utani. Ndipo hita ya maji inawashwa, na ndipo mabomba ya ukutani yanapoanza kuongea. Kabla hujampigia fundi, kaa uyasikilize siku mbili tatu. Akifika saa nne asubuhi kelele huwa zimelala, naye atafungua kisichohitaji kufunguliwa.

Andika kelele inatokea wakati gani. Kishindo kimoja mara tu mfereji unapofungwa ghafla, au mashine ya kufua inapokata maji, ni maji yaliyokuwa mbioni yakagonga mlango. Bomba lililolegea kwenye klipu zake hutikiswa na pigo hilo. Tiki-tiki za polepole, dakika chache baada ya maji moto kuanza kupita, ni jambo lingine: bomba linarefuka. Bomba la plastiki la mita 10 lililo nje ya ukuta, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka kama sentimita 6. La chuma, nusu sentimita tu. Kwa hiyo fundi akitaka kukung'olea chuma akuwekee plastiki, mwulize mapema ataacha nafasi wapi. Akilibana kama alivyobana lile la zamani, utakuwa umenunua kelele mpya.

Mngurumo ukitoka darini wakati tangi linajaa, usiyasingizie mabomba. Panda mchana, ngazi ishikwe na mtu, uinue kwa mkono boya linaloelea ndani ya tangi. Mngurumo ukikatika, mgonjwa ni koki ya boya, mara nyingi raba yake imechakaa. Sisi kule Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, tulianza kwa kuvunja ukuta wa bafu, ndipo tukagundua ni boya. Vigae vya rangi ile madukani havikuwepo tena, na mpaka leo kuna viraka vinne vyeupe kwenye ukuta wa buluu.

Mfereji ukikohoa na kutema maji yakirudi baada ya mgao, hiyo ni hewa. Fungua mifereji kidogo kidogo, ukianza na ya chini, mpaka maji yatoke sawasawa. Hewa hiyohiyo ndiyo inayogugumia ndani ya redieta, vile vyuma vya kupasha vyumba joto, za nyumba za Uingereza, na wenyewe hulegeza skrubu ndogo ya juu ili itoke.

Kama birika lako lina ukoko mweupe chini, mwambie fundi. Ukoko kama huo ukiganda kwenye koili ya hita ya umeme, maji yaliyonaswa chini yake huchemka peke yake na kunguruma, na hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100.

Siku moja kabla ya fundi kuja, jaribu koki kuu karibu na mita. Nyingi hazijazungushwa tangu nyumba ijengwe na zimeshika kutu. Afadhali ujue hilo jioni kuliko maji yakiwa yanaruka sebuleni. Jaza mitungi. Klipu, raba na thredi tepu, ule utepe wa kuziba maungio, zinunuliwe mapema. Umeme wa hita uzimwe kwenye swichi kuu na maji yaachwe yapoe.

Kwa hita ya sola yenye mirija ya kioo, kazi ianze alfajiri au paneli ifunikwe turubai. Mirija iliyokauka juani ikipata maji baridi hupasuka.

Na ile valvu ya usalama ya hita inayodondosha matone isizibwe, hata fundi akisema ni kwa muda tu. Ndiyo njia pekee ya mvuke kutoka kidhibiti joto kikiharibika. Ikidondosha bila kukoma, ibadilishwe, na fundi anayeshauri kuitilia kizibo alipwe nauli aende zake.