Namna ya Kukagua Baiskeli za Mashindano Ili Kubaini Mota Iliyofichwa

Anayeandaa mbio za baiskeli Kisumu, Nakuru au Kakamega huwa na mengi ya kumkosesha usingizi kabla ya siku yenyewe: kibali cha polisi, ambulensi, maji, zawadi, na malori ya miwa yasiyomngoja mtu. Ndiyo maana ukaguzi wa baiskeli huachwa hadi mwisho, na mara nyingi haufanywi kabisa. Mwongozo huu unailenga kamati ndogo isiyo na mashine za bei ghali. Nauandika kwa sababu nimeona hasara ya kutokagua na, mbaya zaidi, hasara ya kukagua ovyo.

Anza kwa kuelewa kinachotafutwa. Mota ya kufichwa kwa kawaida huwa na umbo la mcheduara mwembamba unaoingia ndani ya bomba la kiti, yaani lile bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedali. Upande wake wa chini kuna gia ndogo inayoshikana na mhimili wa pedali na kuuzungusha. Betri huwekwa katika mkoba ulio chini ya kiti au ndani ya chupa ya maji, na swichi hufichwa chini ya utepe wa usukani. Mota ya Vivax Assist, iliyotengenezwa Austria, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.8 pamoja na betri, na iliuzwa hadharani kwa watu waliohitaji kusaidiwa kupanda milima. Kuimiliki si kosa hata kidogo; kosa ni kuingia nayo mashindanoni na kunyamaza.

Wapo wanaosema kwamba kifaa kidogo hivyo hakiwezi kuamua mshindi, lakini hesabu inawapinga. Wati 100 za ziada, hata tukitoa kinachopotea njiani, zinatosha kumwinua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, kiasi cha mita 7 kwenda juu kila dakika, na katika mlima unaopanda kwa asilimia 6 hiyo ni zaidi ya mita 100 za barabara. Mshindani anayewasha mota kwa dakika tatu tu, kutoka Mamboleo akiupanda mlima wa Riat, anaweza kuwaacha wenzake wasimwone tena.

Visa vilivyothibitishwa vina mafunzo ya moja kwa moja kwa mkaguzi. Mwezi wa Januari 2016, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyikani huko Zolder, Ubelgiji, mota iligunduliwa katika baiskeli iliyotayarishwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche, na ilikuwa imewekwa mahali pa kubadilishia baiskeli. Alifungiwa miaka sita na kutozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Kwa hiyo ukikagua baiskeli iliyo mstari wa kuanzia na kuisahau ile ya akiba iliyofungwa juu ya gari la timu, umekagua nusu tu. Mwaka 2017, nchini Italia, mshindani wa ridhaa mwenye umri wa miaka 53 alinaswa kwa kamera inayoonyesha joto. Mwaka huohuo, Ufaransa, mwendeshaji mwingine wa ridhaa alikutwa na mota ndani ya bomba la kiti baada ya matokeo yake kupanda ghafla. Alifungiwa miaka mitano, na mahakama ikamwamuru atumikie jamii kwa saa 60. Hawa wawili hawakuwa wakitafuta mikataba ya mamilioni. Walishindana katika mbio za kawaida, kama hizi zetu.

Kanuni iandikwe kabla ya usajili kufunguliwa. Sentensi mbili zinatosha: kwamba msaada wowote wa umeme au injini ni marufuku, na kwamba kila anayejisajili amekubali baiskeli yake ikaguliwe na kufunguliwa wakati wowote, kabla ya mbio au baada yake. Soma sentensi hizo kwa sauti asubuhi ya mashindano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale mlipo, maana si kila mtu husoma karatasi anayotia sahihi. Adhabu nayo itajwe mapema. Shirikisho la kimataifa, UCI, humfungia mshindani muda usiopungua miezi sita na kumtoza kati ya faranga 20,000 na 200,000. Kamati ya kaunti haina haja ya faini za namna hiyo. Kumfutia mtu matokeo, kumnyang'anya zawadi na kumzuia msimu mzima kunatosha.

Asubuhi, kila baiskeli ipite mezani. Karani aandike namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya mhimili wa pedali, kisha abandike kipande cha karatasi chenye mhuri na sahihi mahali ambapo nguzo ya kiti inaingia kwenye fremu. Karatasi ikichanika, mwenyewe ana la kueleza. Fundi naye ainue gurudumu la nyuma, azungushe pedali kwa mkono mara kumi na kuiachia. Ikiwa inaendelea kujizungusha au inakwama kwa vipigo vidogo visivyo vya cheni, iwekwe kando. Apapase usukani wote akitafuta uvimbe chini ya utepe, afungue chupa za maji na kuzimimina, na apekue mkoba wa chini ya kiti.

Kuhusu baiskeli za black mamba, zile nzito za chuma, usipoteze muda mwingi. Mota ya Vivax ilihitaji bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 30.9 au 31.6, na bomba la kiti la black mamba ni jembamba kuliko hivyo. Huko kinachopaswa kutazamwa ni kitovu cha gurudumu la nyuma, kama kimenenepa kupita kawaida na kama kuna waya unaofuata fremu.

Simu nyingi zina kihisi cha sumaku, na programu ya kukisoma hupatikana bure. Katika eneo letu, uga wa sumaku wa dunia huwa kati ya maikrotesla 30 na 35. Pitisha simu polepole kandokando ya bomba la kiti, kutoka juu hadi chini, kisha rudia kwenye baiskeli nyingine ya aina ileile. Chuma cha kawaida hubadilisha kipimo, kwa hiyo namba moja peke yake haithibitishi lolote; kinachotafutwa ni kipimo kuruka sana mahali pamoja, hasa karibu na pedali. Kumbuka pia kwamba vipima mwendo huwa na sumaku ndogo kwenye spoki au kwenye mkono wa pedali, ziondoe kwanza. Joto la bomba laweza kukusaidia mara tu mshindani anapofika, lakini jua la Kisumu saa sita huchoma kila fremu, kwa hiyo linganisha na baiskeli nyingine iliyofika pamoja nayo.

Baada ya mbio, watatu wa kwanza na wengine wawili waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu wapelekwe moja kwa moja penye kivuli, nyuma ya kamba, pamoja na baiskeli zao. Hiyo kura msiiache. Siku moja nilikuwa mwamuzi katika mbio ambazo hazikuwa na utaratibu huo. Kijana asiyejulikana alishinda kwa dakika nne, mtu mmoja akapaza sauti kwamba ana mota, na kabla hatujakaa sawa umati ulishaanza kumwita mwizi. Tulimwingiza kwenye kibanda cha fundi na kufunga mlango. Nguzo ya kiti ilikuwa imeshikwa na kutu; fundi alimwaga mafuta ya taa, akasubiri, akagonga, akasubiri tena, karibu nusu saa nzima, huku kijana amekaa juu ya debe, mikono magotini, akiutazama mlango badala ya baiskeli yake. Hatimaye nguzo ilipotoka, fundi aliipindua fremu. Maji ya mvua yenye rangi ya chai yakamwagika sakafuni. "Mzee, hapa ni kutu tupu," akaniambia. Tulitangaza matokeo kwa kipaza sauti, lakini nusu ya watu walikuwa wameshaenda nyumbani na neno walilolisikia kwanza. Tangu siku hiyo sikubali mshindani mmoja aitwe peke yake kwa sababu ya tetesi.

Nisingependa pia kamati itazame mota na kusahau udanganyifu wa kila siku, ambao hauhitaji betri. Waendeshaji wetu wamezoea kushika mkia wa lori mlimani, na wengine hujificha nyuma ya pikipiki ya rafiki ili kukwepa upepo. Weka watu wawili wenye simu katikati ya kila mlima, mahali ambapo hamkupatangaza, na wapige picha yenye saa. Penye kona ya kugeukia, kwa mfano Kiboswa, mpake kila mshindani kidoleni wino usiofutika haraka, kama ule wa uchaguzi. Asiye nao hakufika.

Mkikuta mota kweli, msiitoe kwanza. Piga picha ikiwa mahali pake pamoja na namba ya fremu, mwite mshindani na shahidi mmoja anayemchagua mwenyewe, mpeni nafasi ya kujieleza, mwandike maneno yake jinsi alivyoyasema, kisha wote watie sahihi. Tangazo litolewe na mwenyekiti peke yake, baada ya mshindani kuondoka uwanjani salama.

Na msipokuta kitu, irudisheni baiskeli kama ilivyokuwa. Kabla ya kuchomoa nguzo ya kiti, fundi azungushe utepe mwembamba pale inapoingia kwenye fremu, ili kiti kirudi kwenye urefu uleule bila kukosea hata milimita tano. Kaza nati, futa alama za mikono, mpe mwenyewe aijaribu hatua chache, na karani aandike saa aliyoipokea.